Kula Bila Maziwa na Bila Mazao ya Wanyama Kando ya Ziwa Tanganyika

Ulaji usiotumia maziwa ni ule unaoacha maziwa ya ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine pamoja na vyote vinavyotokana nayo, kama vile mtindi, samli, siagi na jibini, ilhali ulaji wa mimea pekee, ambao wafuasi wake huitwa vegani tangu walipoanzisha chama chao nchini Uingereza mwaka 1944, huacha pia nyama, samaki, mayai na hata asali. Kwa wakazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao, mambo haya mawili hayana uzito sawa. Mlo wa kawaida wa huku ni chai ya rangi asubuhi, kisha ugali wa muhogo kwa mboga za majani zilizoungwa kwa mawese, kwa hiyo kuacha maziwa ni hatua fupi; kinachoubeba mlo huo ni dagaa, na anayekusudia kula mimea pekee hana budi kufikiri kwanza namna ya kuziba pengo la dagaa kabla ya kuhangaikia la maziwa.

Wanaoacha maziwa na sababu zao

Laktosi ni sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa, nayo humeng'enywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto, hata mtu akinywa kikombe cha maziwa tumbo hujaa gesi, husokota au huharisha. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayoiwezesha laktasi kuendelea kufanya kazi ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo, yaliyozuka pasipo kuhusiana na yale ya Ulaya, hupatikana zaidi kwa jamii za wafugaji. Kwa mtu wa jamii ya wavuvi au wakulima, basi, kushindwa kuyahimili maziwa si ugonjwa wala si jambo la kuonea haya. Hali hiyo itofautishwe na mzio wa protini ya maziwa, ambao huwapata zaidi watoto wadogo na unaweza kuhatarisha uhai: mwenye upungufu wa laktasi mara nyingi huvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wanaougandisha wamekwisha kutumia sehemu ya laktosi, lakini mwenye mzio hapaswi kuugusa kabisa, wala biskuti na mikate yenye unga wa maziwa, jambo linalomlazimu kusoma maandishi ya kila pakiti.

Wapo pia wanaofuata imani, kama waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, ambao siku zao nyingi za mfungo hazina nyama, mayai wala maziwa, na Waadventista Wasabato, wenye hospitali ya Heri mkoani Kigoma, ambao kanisa lao limehimiza ulaji wa mimea kwa miaka mingi.

Pengo la dagaa

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, kufuatana na makubaliano yake na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hata asiyefikiria kuacha samaki, kwa hiyo, anahitaji kujua kula vizuri bila dagaa. Dagaa huliwa mzima, na kwa sababu hiyo mlaji hupata kwa mkupuo mmoja protini, madini ya chuma, kalsiamu ya mifupa na vitamini B12, wakati gramu 100 za unga wa muhogo zina protini ya gramu moja au mbili tu. Kaya inayoondoa dagaa na kubaki na ugali na majani itakuwa imeondoa karibu protini yote.

Hatari ya hali hiyo imekwisha kuonekana nchini. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na bila kupona, kwa watu waliokula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa ukame huku mlo wao ukiwa na protini haba. Mwili huondoa sumu ya sianidi ya muhogo kwa kutumia asidi amino zenye salfa, ambazo hutoka kwenye protini, na ndiyo sababu anayeacha samaki ilhali anakula ugali wa muhogo anapaswa kuwa mwangalifu maradufu: muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa hadi ulainike, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa, na mlo uwe na maharage, ambayo Kasulu, Kibondo na Buhigwe huyalima kwa wingi, pamoja na karanga na ufuta. Kuchanganya ni muhimu, kwa kuwa maharage yana upungufu wa asidi hizo zenye salfa, na ufuta na mahindi huzifidia.

Kisamvu, ambacho wengi wa mwambao hukiita sombe, kinastahili kutazamwa kwa makini, maana pakiwa na karanga na maharage pembeni kinaweza kuwa moyo wa mlo wa mimea. Majani machanga hutwangwa kinuni hadi yawe laini kabisa, kwa kuwa kutwanga ndiko kunakoipasua seli na kuiachilia sumu, kisha huchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi ili sumu itoke na mvuke. Ndipo huungwa kwa kitunguu, nyanya chungu, karanga zilizosagwa na mawese. Wekundu wa mawese ni karotenoidi, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, na desturi ya kuyaunguza hadi yawe meupe, ingawa huondoa harufu, huziharibu. Inasikitisha kuona mkoa wa michikichi ukiitupa vitamini hiyo jikoni. Hata hivyo, karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu, kwa hiyo yapimwe kwa kijiko.

Kwa kalsiamu, ufuta usiokobolewa na majani ya aina mbalimbali husaidia, ila ile ya mchicha hufyonzwa kwa shida kwa sababu ya oksaleti. Tui la nazi hupikia vitumbua vizuri lakini halina protini ya kutosha kuchukua nafasi ya maziwa. Maziwa ya soya yaliyochemshwa barabara hukaribia zaidi, ingawa hayafai kumlisha mtoto mchanga badala ya maziwa ya mama. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya kwingine, iwe imetiwa madini joto.

Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mmea wowote. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, upungufu huja polepole: ganzi miguuni, ulimi kuuma, usahaulifu. Foleti, iliyo tele katika majani, inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika. Unga wa viwandani uliorutubishwa una B12, lakini ule wa muhogo unaosagwa mtaani hauna, kwa hiyo asiyekula kabisa mazao ya wanyama atumie vidonge vya B12, na mama mjamzito au anayenyonyesha aanze kuvitumia kwa ushauri wa kliniki kabla hajaacha samaki, kwa sababu akiba ya mtoto wake hutegemea ya kwake.