Barabara Kuu za Marekani: Nani Hujenga, Nani Hutunza?

Wanafunzi wengi wakisikia habari za barabara kuu za Marekani, zile pana zinazokatiza nchi toka bahari hata bahari, hudhani ya kuwa ni mali ya serikali ya Washington. Sivyo. Karibu zote ni mali ya majimbo. Jimbo ndilo linalonunua ardhi, ndilo linaloajiri wahandisi, ndilo linaloandikiana mkataba na kontrakta, na lami ikitoboka ni jimbo litakalolaumiwa. Serikali kuu hutoa sehemu ya fedha na kuweka masharti. Barabara zilizo zake hasa ni chache, kama zile za ndani ya mbuga za taifa, za misitu yake na za kambi za jeshi.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tukumbuke jinsi nchi hiyo inavyotawaliwa. Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na kodi zake. Chini ya jimbo kuna wilaya na miji, nayo ina barabara zake. Nchi nzima ina maili zaidi ya milioni 4 za barabara za umma, na kiasi cha moja katika kila tano ni ya jimbo. Nyingi zilizobaki ni za wilaya na miji. Lakini hii moja katika tano ndiyo inayobeba malori na safari za mbali. Tena majimbo hayafanani. North Carolina ilichukua barabara zote za wilaya mwaka 1931, wakati wilaya zilipokuwa hazina fedha, na hata leo jimbo hilo hutunza maili kama 80,000.

Kwa nini mambo yakawa hivyo? Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 iliipa serikali kuu uwezo wa kuweka posta na barabara za posta. Haikueleza kama maana yake ni kujenga barabara, au ni kuchagua tu njia ya kupitishia barua. Juu ya maneno hayo machache watu walishindana kwa miaka mingi.

Mwaka 1806 Rais Jefferson alitia sahihi sheria ya kujenga barabara toka mji wa Cumberland, katika Maryland, kwenda magharibi kuvuka milima. Kazi ilianza 1811, na mwaka 1818 barabara ikafika Wheeling, kando ya mto Ohio. Magari ya farasi na makundi ya mifugo yakaifuata, na haukupita muda mrefu ikaanza kuharibika. Basi Bunge likataka kuweka vizuizi vya kutoza ada wasafiri, ili fedha hizo zitumike kwa matengenezo. Rais Monroe akaikataa sheria hiyo mwaka 1822, akasema kwamba katiba haiipi serikali kuu mamlaka ya namna hiyo ndani ya majimbo. Angalia ajabu hiyo: kujenga waliweza, kutengeneza hawakuweza! Mwisho wake, katika miaka ya 1830, kila jimbo lilikabidhiwa kipande chake, nayo majimbo yakaweka vizuizi vyao na kutoza ada.

Baadaye reli ikaja, na kwa muda mrefu barabara zikasahauliwa. Zikaachiwa watu wa wilaya. Mahali pengi mwanamume alitakiwa kufanya kazi ya barabara siku chache kila mwaka, au alipe badala yake. Kila mtu akaja na koleo lake, bila fundi wa kuwaongoza. Unaweza kufikiri jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Wa kwanza kupiga kelele hawakuwa wenye motokaa bali waendesha baiskeli, katika miaka ya 1880, kisha wakulima waliotaka kufikisha mazao yao stesheni. New Jersey ilipitisha mwaka 1891 sheria ya jimbo kusaidia kulipia barabara za wilaya, na majimbo mengine yakafuata.

Mwaka 1916 Rais Wilson alitia sahihi sheria iliyoweka msingi wa utaratibu uliopo hata sasa. Serikali kuu ilitenga dola milioni 75 za kutumiwa kwa miaka mitano, nusu kwa nusu: jimbo litoe dola moja, nayo Washington itoe moja. Lakini jimbo lisilokuwa na idara ya barabara yenye wataalamu halikupata kitu, na barabara ikiisha kujengwa, kuitunza ni juu ya jimbo na wilaya zake. Mwaka uliofuata hapakuwa na jimbo lisilokuwa na idara hiyo.

Sasa jimbo lipate wapi nusu yake? Jibu lilitoka Oregon mwaka 1919: kodi ya senti moja kwa kila galoni ya petroli. Galoni ya Marekani ni karibu lita 3.8. Kodi hii ilipendwa kwa sababu mbili. Kwanza, ilionekana ni haki, maana atumiaye barabara sana hununua petroli nyingi, basi hulipa zaidi. Pili, ni rahisi kuikusanya, kwa kuwa hutozwa wauzaji wakubwa wachache badala ya kumfuata kila mwenye gari. Ilipofika mwaka 1929, majimbo yote yalikuwa nayo.

Mtu aliyeijua vizuri hali ya zamani ni Eisenhower. Mwaka 1919, akiwa ofisa wa jeshi, alisafiri na msafara wa malori toka Washington hadi San Francisco. Walichukua siku 62, huku malori yakizama katika matope na kuvunja madaraja ya mbao. Alipokuwa Rais alitia sahihi, mwezi wa Juni 1956, sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu za kuunganisha majimbo. Safari hii haikuwa nusu kwa nusu. Serikali kuu ilitoa senti 90 katika kila dola, na jimbo senti 10. Fedha zilitoka katika mfuko maalumu uliojazwa na kodi ya petroli ya serikali kuu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wasomaji wa vitabu vya sifa hulipita. Senti 90 zilikuwa za kujenga. Kuziba mashimo, kukata majani, kusafisha mitaro, kuondoa theluji na kupaka mistari upya vilibaki kuwa gharama za jimbo peke yake. Jimbo linalopewa senti 90 kwa kujenga na bila kitu kwa kufagia litapenda nini? Litajenga. Na gavana hualikwa kukata utepe wa barabara mpya. Sijasikia utepe uliokatwa kwa sababu ya mtaro uliozibuliwa. Tangu mwaka 1976 Bunge liliruhusu fedha za serikali kuu zitumike kuweka tabaka jipya na kufufua barabara zilizochakaa, lakini kazi za kila siku bado ni za jimbo.

Tuone sasa barabara hufaje. Maji hupenya katika nyufa, hulainisha udongo wa chini, na katika nchi ya baridi huganda na kuvimba, kisha huyeyuka na kuacha pango. Sisi wa nchi za mvua nyingi twajua habari hiyo hata bila barafu. Lakini uzito je? Majimbo yalitaka kujua, yakafanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, Illinois, toka 1958 hadi 1960. Zilijengwa njia za mzunguko zenye lami na saruji za unene mbalimbali, na askari wakaendesha malori juu yake kwa miaka miwili, mpaka nyingine zikavunjika kabisa. Wakaona ya kuwa uharibifu huongezeka, kwa kukisia, kama uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne.

Hebu fanya hesabu. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Sheria ya Marekani huruhusu ekseli moja ya lori ibebe ratli 20,000, nazo ni kilo 9,000 na kitu. Tuseme ekseli ya motokaa ndogo hubeba ratli 2,000. Tofauti ni mara kumi. Uharibifu basi ni 10 × 10 × 10 × 10, mara 10,000. Lori hilo hunywa petroli mara kadhaa kuliko motokaa, wala si mara 10,000. Kwa hiyo kodi ya galoni, iliyoonekana haki mwaka 1919, haikuwa haki kamili. Ndiyo maana majimbo huweka mizani kando ya barabara, na Oregon hutoza malori mazito kwa uzito wao na maili walizokwenda.

Madaraja ni hatari kuliko barabara, kwani shimo humtikisa mtu, bali daraja humwua. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la kati ya West Virginia na Ohio lilianguka magari yakiwa yamejaa juu yake, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika chuma kimoja. Baada ya hapo sheria ya nchi ikalazimisha madaraja ya barabara za umma yakaguliwe, kwa kawaida kila miaka miwili, na kila jimbo likatakiwa kuhakikisha kwamba kazi hiyo inafanyika.

Lakini kukagua si kutengeneza. Katika mji wa Pittsburgh, Pennsylvania, daraja la Fern Hollow, mali ya mji, lilianguka asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022, na basi likiwa juu yake. Kwa bahati njema hakufa mtu, ingawa wako walioumia. Rais Biden alikuwa akienda Pittsburgh siku iyo hiyo kuzungumza juu ya fedha za barabara na madaraja! Wachunguzi walikuta kwamba takataka na njia za maji zilizoziba ziliacha maji yakae juu ya miguu ya chuma, chuma kikaliwa na kutu. Wakaguzi walikuwa wameandika hayo mara kwa mara, na kazi waliyoagiza haikufanywa. Daraja jipya lilikamilika kabla ya mwaka huo kwisha, kwa gharama ya dola zaidi ya milioni 25. Kuzibua njia za maji kungegharimu watu wachache wenye koleo na ufagio.

Na fedha zenyewe zinapungua nguvu. Kodi ya petroli ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993, lakini saruji na mishahara havikubaki pale pale. Tangu 2008 Bunge limelazimika kuuongezea mfuko ule fedha za hazina ya kawaida. Majimbo mengine yamekuwa jasiri zaidi. California iliongeza senti 12 mwaka 2017. Wapinzani wakapeleka shauri kwa wapiga kura mwezi wa Novemba 2018 ili nyongeza ifutwe, na wapiga kura wakakataa kuifuta. Si kawaida watu kuulizwa kama wapunguziwe kodi, nao wakajibu hapana.

Fedha hizo zina masharti pia. Mwaka 1984 Bunge liliamua kwamba jimbo litakaloruhusu vijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe litanyimwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota ikashtaki, ikashindwa katika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1987. Kijana wa huko akiuliza kwa nini haruhusiwi kununua bia, sehemu ya jibu imo katika lami.

Sasa limezuka jambo ambalo watu wa 1919 hawakuliota: gari la umeme, lisilonunua petroli hata tone, nalo huitumia barabara kama mengine. Oregon tena ndiyo iliyotangulia. Julai 2015 ilianza kuwatoza waliojitolea senti moja na nusu kwa kila maili badala ya kodi ya petroli. Wengi waliogopa kwamba serikali itajua kila mahali waendako. Jimbo likawaruhusu wachague chombo cha kufunga garini kinachohesabu maili tu, kisichojua barabara iliyopitwa.