Kitabu Kilichodhaniwa Hakikusomwa

Somo letu safari hii linamhusu Owen Gingerich, mtaalamu wa nyota wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930 katika jimbo la Iowa na kufariki mwaka 2023. Alilelewa katika Kanisa la Mennonite, ambalo tunalifahamu kwa ndugu zetu wa Mkoa wa Mara. Akiwa kijana wa miaka 16 alisafiri melini akihudumia farasi waliopelekwa Poland baada ya vita. Baadaye alifundisha Beirut, akapata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1962, akawa mwalimu huko huko.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kwa kompyuta hewa moto iliyo juu ya nyota. Lakini sisi tuliotumia miaka mingi kusahihisha madaftari tunavutiwa zaidi na yale aliyoyafanya kwa vitabu vya kale.

Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus, aliyekuwa Kanoni wa kanisa kuu huko Poland, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Ni kitabu kigumu, kimejaa hesabu. Mwaka 1959 mwandishi Arthur Koestler alidai kwamba hakuna mtu aliyekisoma. Basi mwaka 1970 Gingerich alikuta nakala moja mjini Edinburgh, kingo za kurasa zake zimejaa maandishi ya wino tangu mwanzo hata mwisho. Aliyeandika alikuwa Erasmus Reinhold, mwalimu wa hesabu wa Wittenberg. Kumbe yupo aliyesoma! Je, na wengine?

Ili kupata jibu, Gingerich alizunguka nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 30, akikagua nakala za chapa ya mwaka 1543 na ya pili ya mwaka 1566. Alikuta nakala zipatazo 600, na orodha yake ikachapishwa mwaka 2002. Aligundua kwamba maelezo yale yale yalionekana katika nakala mbalimbali, maana wanafunzi walinakili maelezo ya mwalimu wao. Mwalimu yeyote anaijua tabia hiyo! Kwa njia hiyo aliweza kufuatilia nani alifundishwa na nani. Tena aliona kwamba Reinhold na wenzake walishughulikia zaidi hesabu za mienendo ya sayari. Hoja ya dunia kuzunguka hawakuigusa sana.

Lipo pia jambo la Kanisa. Mwaka 1620 wakuu wa Roma walitoa amri ya kufuta na kusahihisha sehemu fulani za kitabu. Orodha ya Gingerich inaonyesha kwamba nakala nyingi zilizokuwa Italia zilisahihishwa, bali kwingineko ni chache mno. Amri ilitolewa kwa wote, ikatiiwa jirani na aliyeitoa.

Nakala moja ya Vatikani ilimpa taabu. Mwanzoni aliamini mwandiko wake ni wa Tycho Brahe, mtazama nyota mashuhuri wa Denmark. Baadaye ikadhihirika ni wa Paul Wittich, mtu asiyejulikana sana, naye Gingerich akalitangaza hilo waziwazi.

Kwa kuwa aliandika kila doa na kila alama ya mwenye kitabu, orodha hiyo ilisaidia pia kutambua nakala zilizoibwa, na aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi.