Ada ya mgeni iingie kwenye hesabu ya kuhama

*Shangazi, nina miaka 31 na watoto wawili. Tulikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na kwa miaka mitano tuliishi Minnesota nikihudumia wazee kama msaidizi wa muuguzi (CNA). Nilikuwa nimebakisha masomo mawili tu ya sayansi, anatomia ya pili na mikrobiolojia, ndipo niombe nafasi ya uuguzi. Agosti mume wangu akapata kazi nzuri ya lori huku Texas, tukafungasha. Chuo cha jamii cha hapa kimenikubali kuanza Januari, lakini kwa kuwa sijafikisha mwaka nahesabiwa mgeni: mkazi hulipa dola 80 kwa kila krediti, mimi dola 200. Mume wangu anasema nisubiri hadi Agosti ijayo, maana pesa zilizopo ni za kumalizia nyumba yetu Nyamira, Kenya. Wifi yangu ameniletea karatasi za chuo cha kibinafsi kisichouliza mtu ametoka wapi. Rafiki wa kanisani anasema nitumie anwani ya binamu yangu aliyekaa hapa miaka kumi. Nisubiri au nilipe?*

*Mama Wawili, Texas*

Mwanangu, barua yako ina kila kitu isipokuwa jumla, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Masomo uliyobakisha ni mawili. Masomo ya sayansi yenye maabara kwa kawaida huwa ya krediti nne, basi nane. Nyongeza ya mgeni ni dola 120 kwa kila krediti. Zidisha: dola 960. Hiyo ndiyo fedha inayowakosesha usingizi. Sasa niambie, kuhamisha vyombo kutoka Minnesota hadi Texas kuligharimu kiasi gani? Na je, kuna aliyesema vyombo vingoje mwaka mzima hadi bei ishuke?

Mkiketi wewe na mzee wa nyumba, mwambie kwa upole kwamba ada ya mgeni si anasa ya shule yako. Ni gharama ya kuhama, na mlihama kwa ajili ya kazi yake. Itoke kwenye chungu kile kile kilicholipa lori na amana ya nyumba ya kupanga. Simlaumu kwa kufuata riziki. Ila safari iliamuliwa, na bili yake ya mwisho imeachwa mlangoni pako peke yako.

Kusubiri nako kuna bei, ingawa hakuna chuo kitakachokuandikia risiti. Ukianza masomo hayo Agosti, darasa lenyewe la uuguzi litasogea mbele, pengine mwaka mzima. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na wa msaidizi kama wewe dola 38,000 hivi. Tofauti ni kama dola 48,000. Nyumba ya Nyamira ingeezekwa kwa kipi, kwa hizo 960 mlizookoa au kwa hizo 48,000? Tena vyuo vingi vya uuguzi havipokei alama za sayansi zilizopitwa na wakati, mara nyingi miaka mitano au saba. Zile ulizopata Minnesota nazo zinazeeka.

Ungekuwa unaniuliza juu ya chuo kikuu cha jimbo, ambako pengo huwa mamia ya dola kwa kila krediti, ningekuambia kinyume: kaa, fanya kazi, ngoja mwaka uishe. Hapa pengo ni dola 120 tu, tena ni la muhula mmoja.

Nasema muhula mmoja kwa sababu Texas huhesabu ile miezi 12 hadi siku chuo kinapofunga hesabu ya wanafunzi, si siku unapojaza fomu. Kwa muhula unaoanza mwisho wa Agosti, siku hiyo ni ya 12 ya masomo, yaani karibu katikati ya Septemba. Mliingia Agosti. Mwakani siku hiyo ikifika mwaka wako umetimia, na darasa la uuguzi utalilipia kama mkazi, mradi uombe kubadilishiwa hadhi na uwe na ushahidi. Usiogope kuomba. Tangu mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema jimbo haliwezi kumgandisha mwanafunzi kuwa mgeni hadi amalize masomo bila kumpa nafasi ya kuthibitisha ukazi.

Ushahidi ni kazi ya kuanza leo. Hamisha usajili wako wa CNA uje Texas na utafute kazi hapa, hata ya zamu chache, maana kazi yenye mshahara ni nguzo kubwa. Mkataba wa nyumba uwe na jina lako pia, si la mume peke yake. Badilisha leseni ya udereva. Usitegemee fomu ya kodi ya jimbo kama ulivyozoea Minnesota, kwani Texas haitozi kodi ya mapato. Na hapa nisikilize vizuri: ukichukua leseni utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama bado hujaapishwa kuwa raia, jibu ni hapana, hata mtu akuambie kadi ya kura ni ushahidi mzuri wa ukazi. Watu wamefukuzwa nchini kwa kadi hiyo.

Jaza fomu ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, wiki hii. Ruzuku ya Pell ni ya serikali kuu, mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa, na haijali umekaa Texas siku ngapi; kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Uliza pia udhamini wa ushindani wa chuo chenyewe. Sheria ya Texas inakiruhusu chuo kumtoza ada ya mkazi mgeni aliyeshinda angalau dola 1,000.

Karatasi za wifi zirudishe kwa heshima, lakini kwanza tazama kama chuo kinatambuliwa na vyombo vya ithibati ya uuguzi, ACEN au CCNE, na kama Bodi ya Wauguzi ya Texas imekiidhinisha. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Florida walifichua diploma za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizouzwa kama njugu.

Binamu yako naye msalimie. Mwombe akushikie watoto siku za maabara. Anwani yake abaki nayo.