Kupanga mistari ya programu

Mnajua namna mwalimu anavyochoka mbele ya kaye iliyoandikwa ovyo. Hesabu inaweza kuwa ya kweli, lakini macho inashindwa kuifuata. Wanaoandika programu za kompyuta wanapata shida ile ile. Wakiwa watano katika kazi moja, huyu anaacha nafasi 2 mwanzoni mwa mstari, yule 4, na saa zinapita katika mabishano ya bure.

Juu ya hiyo kuna vyombo vya kupanga maandiko yenyewe. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, iko na gofmt. Python iko na Black, tangu 2018. Ukiandika x=5+2, Black inaandika x = 5 + 2, tena inajaribu mstari usipite herufi 88. (Mimi sipendi mistari mifupi namna ile, lakini nimeacha kubishana.)

Sasa angalieni. Kama ulitaka kutoa, ukaandika kujumlisha, Black itapanga kosa lako vizuri sana na kuliacha pale pale.

Tena, kwa kazi ya zamani, panga mafaili yote siku moja, uhifadhi, bila kugusa neno lingine. Ukichanganya na masahihisho yako, mwenzako anayetafuta kosa ataona mistari elfu imebadilika, na ule mmoja mbaya umejificha ndani. Git, inayotunza historia ya mabadiliko, tangu 2019 inaweza kuambiwa iruke badiliko lile la kupanga tu, kusudi ionyeshe nani aliandika mstari kwanza.