Mchezo wa Falme za Kale katika Somo la Historia: Jaribio la Karibu na Lukole

Mwanafunzi wa shule ya msingi hukariri upesi kwamba Meroe ilitengeneza chuma na kwamba Aksum ilikuwa na sarafu zake, na husahau upesi vile vile. Kosa si lake. Mambo hayo hupewa kama majibu ya maswali ambayo yeye hakuyauliza. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza wanachuo wenzetu jaribio tulilofanya wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Ngara, si mbali na mahali palipokuwa kambi ya Lukole. Tulitengeneza mchezo wa mashindano juu ya falme za kale, tukaucheza kwanza sisi wenyewe jioni baada ya chakula, kisha tukaupeleka darasa la sita. Mchezo ulifaulu kwa jambo moja, ukatushinda kwa jingine, na hilo lililotushinda ndilo lililotufanya tuandike.

Hatukuanza na jambo geni. Michezo ya kufikiri juu ya ubao ni mali ya zamani ya nchi hizi. Pwani huitwa bao. Burundi ni ikibuguzo. Rwanda ni igisoro. Uganda ni omweso. Aina hizi zina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Mtoto wa Ngara amewaona wazee wakicheza chini ya mti kabla hajajua kusoma, naye anajua kwamba mchezaji hangoji bahati: huhesabu, hukumbuka, hutazama mbele. Kwa mwalimu hiyo ni akiba kubwa. Tuliwaomba wanafunzi watufundishe wao kwanza, na dakika zile kumi hazikupotea hata kidogo, kwani mwalimu aliyeshindwa na mwanafunzi wake hadharani husikilizwa vizuri zaidi baadaye.

Nchi za nje pia wanayo michezo ya ubao juu ya historia. Mwaka 1980 Mwingereza Francis Tresham alitoa mchezo uitwao Civilization, ambamo wachezaji hulea mataifa ya kale yaliyozunguka bahari ya Mediterania. Mchezo huo hauna dadu, na unaweza kumaliza siku nzima. Haufai kwa kipindi cha dakika 40. Lakini tuliazima wazo lake moja: hakuna taifa lenye kila kitu, kwa hiyo anayekataa kubadilishana bidhaa hubaki nyuma hata akiwa na nguvu.

Uchaguzi wa falme

Mawazo yetu ya kwanza yalikuwa kutumia falme za jirani: Karagwe, Burundi, Rwanda, Rusubi, Bushubi. Tuliyaacha. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa zamani chini ya mwami wa Burundi, na darasani wamo watoto wenye ndugu pande zote za mpaka. Tungewagawa katika makundi hayo, kila mmoja angecheza kwa niaba ya babu yake. Tulitaka nchi ambazo kila mtoto angekuwa mgeni ndani yake.

Tulichagua wakati mmoja, karne ya 1 hadi ya 4, ili tusiwakutanishe watu ambao hawakuishi pamoja. Makundi yalikuwa matano. La kwanza Misri, iliyokuwa chini ya Roma, yenye nguo na vyombo vya kioo. La pili Meroe, kwenye mto Nile katika Sudani ya leo, ambako marundo ya takataka za chuma yanaonekana hadi sasa. La tatu Aksum ya Ethiopia, yenye bandari ya Adulis na pembe za ndovu. La nne Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu uliotajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1. Tuliupa magamba ya kasa. La tano wayeyusha chuma wa Buhaya, ambao tanuri zao zimechimbuliwa Katuruka, katika mkoa huu huu wa Kagera. Jina la dola yao halikuandikwa popote, lakini ufundi wao una umri wa zaidi ya miaka 2000, na wanafunzi waligombania kundi hilo kuliko yote.

Vifaa na uendeshaji

Ramani ilichorwa kwa mkaa juu ya gunia lililopasuliwa. Vizibo vya soda vilikuwa watu, kokoto nyeusi chuma, vijiti misitu. Chakula tulikiwakilisha kwa punje za mahindi, nalo likawa kosa letu la kwanza: mahindi yalitoka Amerika na hayakufika Afrika ila baada ya mwaka 1492. Mwanafunzi wa Meroe hakuwahi kuyaona. Tukabadilisha tukatumia mtama. Yapo makosa mengi ya namna hii yanayojificha katika zana, na mwalimu anayeyagundua mbele ya darasa ayaseme waziwazi.

Kila kundi huanza na vizibo 8 na vijiti 12. Katika kila mzunguko hupokea punje 10 za mtama, na kila vizibo viwili hula punje moja. Punje zinazosalia huwekwa akiba, huuzwa, au hugeuzwa kuwa watu, punje 3 kwa kizibo kimoja. Vizibo vinne hutoa bidhaa moja. Chuma lakini kina gharama ya pekee, kwani kila kokoto hulipiwa vijiti viwili vya kuni na mkaa, na msitu huotesha kijiti kimoja tu kwa mzunguko. Kisha makundi hubadilishana bidhaa kwa kufuata njia zilizochorwa: mto Nile, Bahari ya Shamu, na njia ya bahari iendayo Rhapta. Wayeyusha chuma wa Buhaya hubadilishana katika gulio la majirani wa ziwa, linaloendeshwa na mwalimu, na huko hupata vyungu na samaki. Mizunguko ni sita. Fungu la bidhaa nne za aina mbalimbali hupata alama 5. Bidhaa iliyorundikwa peke yake hupata alama 1.

Ni lazima kuomba vipindi viwili mfululizo. Kimoja hakitoshi, na mchezo uliokatwa katikati huacha kelele tu.

Faida ya mchezo tuliiona katika mzunguko wa pili. Msichana mmoja wa kundi la Buhaya alisimama akauliza kwa nini hawakuchorewa njia ya kwenda Rhapta. Alikuwa na hoja nzuri. Kitabu kile cha mabaharia kinasema Rhapta ilinunua mikuki, mashoka na visu vya chuma vilivyoletwa kwa merikebu kutoka Arabuni. Kwa nini wanunue ng'ambo, na huku chuma kinayeyushwa katika nchi hii hii? Tulimjibu kwamba njia isiyo na ushahidi haichorwi, hata kama ingeufanya mchezo uwe mtamu zaidi. Kisha tukaligeuza swali lake kuwa kazi ya darasa zima. Walipima umbali juu ya ramani, wakahesabu siku za mwendo wa miguu na uzito wa mzigo wa chuma kichwani, wakataja mito na mapori. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakariri. Kama tungetoa hotuba juu ya ugumu wa usafiri wa zamani, nusu yao wangesinzia.

Suala la vita

Sasa tuje kwenye lile lililotushinda. Katika sheria zetu za kwanza, kundi lenye watu wengi kuliko jirani yake liliruhusiwa kuivamia nchi yake, na walioshindwa waliondoka mchezoni. Tuliona ni sawa kihistoria. Mfalme Ezana wa Aksum, aliyetawala katika karne ya 4, aliacha maandishi juu ya mawe yanayosimulia vita vyake katika bonde la Nile upande wa Meroe. Katika mzunguko wa tatu kundi la Aksum lilifanya hivyo hivyo. Meroe ilikusanya vizibo vyake. Kijana mmoja wa Aksum akapaza sauti: "Wakimbizi hao! Waende Lukole!" Darasa lilicheka. Wachache hawakucheka. Mwenzetu aliyekuwa anafundisha alishika chaki akanyamaza, nasi tuliokaa nyuma hatukumsaidia.

Wanafunzi hao walizaliwa baada ya kambi kufungwa mwaka 2008, lakini neno lile walilipata nyumbani. Warundi waliingia Ngara baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na kambi ya Benako ikawa mji. Lukole iliendelea kuwahifadhi Warundi kwa miaka mingi. Hakuna familia katika vijiji hivi isiyokuwa na la kusimulia: aliyewauzia ndizi, aliyeibiwa, aliyeoa huko, aliyekimbia.

Je, mwalimu afanye nini? Wengine kati yetu walitaka vita viondolewe kabisa. Hatukukubaliana nao, kwani historia isiyo na vita ni uongo, na watoto wa Ngara wataujua uongo huo kabla ya wengine. Wengine walitaka yule kijana aadhibiwe. Hilo nalo halifai. Alirudia tu lugha aliyoisikia. Jambo tunalolikataza kwa nguvu zote ni kuuliza darasani nani kwao walikuwa wakimbizi. Mwalimu anaweza kuuliza kwa nia njema, lakini mtoto ndiye atakayeubeba wakati wa mapumziko ule utambulisho aliopewa mbele ya wenzake.

Bao lenyewe lilitupa njia. Katika bao kete iliyotekwa haitupwi. Aliyeiteka huipanda upande wake, ikaendelea na safari. Mchezo wa kete 64 huisha ukiwa na kete 64. Basi tuliandika sheria upya. Nchi ikivamiwa, nusu ya watu wake hubaki na kumlipa mshindi bidhaa moja kila mzunguko. Nusu nyingine huhamia nchi wanayoichagua. Wenyeji huwalisha kwa mtama wao, na kwa kurudisha, wageni huwafundisha kutoa bidhaa ya kwao. Wachezaji walioshindwa huketi na wenyeji na kushiriki alama.

Tuliporudia mchezo wiki iliyofuata, Meroe ilivamiwa tena, na safari hii watu wake walihamia Misri. Mabishano yalikuwa makali. Mtama haukutosha, watu wa Misri walilalamika, mmoja akadai wageni wafukuzwe. Mwenzake akamwonyesha kwamba tangu wageni waje Misri inapata kokoto za chuma, na fungu lao limekamilika. Hatukuingilia kati. Kundi hilo halikushinda. Lilikuwa la pili kwa alama moja, na ushindi ulikwenda kwa Rhapta, ambao hawakupigana na mtu yeyote.

Jambo moja hatukulitazamia. Kufikia mzunguko wa nne Meroe na Buhaya wote walikuwa wamekaribia kumaliza vijiti vyao, wakawa na watu wa kutosha na tanuri zilizozimika. Mvulana wa Buhaya aliomba kununua vijiti kwa jirani, nasi hatukuwa na sheria ya jambo hilo. Tulipokuwa tukishauriana, alisema kwamba bibi yake humweleza jinsi vilima vya upande wa Lukole vilivyokuwa na miti, na jinsi kuni zilivyotafutwa mbali zaidi mwaka hadi mwaka wakati wa kambi. Akauliza kama watu wa Katuruka nao walihama walipokosa mkaa, au walipanda miti mingine.

Tuliliandika swali lake ubaoni, chini ya lile la njia ya Rhapta. Kengele ililia. Mwalimu wa darasa alituomba tusiyafute hadi kipindi cha kesho.