Mmea Mwekundu wa Majini

Katika mabwawa na vijito vya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki huota mmea mdogo uitwao Rotala wallichii. Jina lake la pili ni ukumbusho wa Nathaniel Wallich (1786–1854), tabibu wa Kidenmark aliyesimamia bustani ya mimea ya Calcutta, katika Bara Hindi. Shina lake ni jembamba, na majani yake ni kama nyuzi, yamelizunguka shina pingili kwa pingili, hata ncha yake hufanana na mkia wa kindi.

Watu wafugao samaki katika mahodhi ya kioo huupenda kwa wekundu wake. Lakini wengi huununua ukiwa mwekundu, na baada ya majuma machache huuona umekuwa wa kijani, na majani ya chini yamepukutika. Sababu yake ni nini?

Kwanza ni mwanga. Majani hufanya rangi nyekundu yapatapo mwanga mkali; katika kivuli hurudi kijani. Kwa hiyo taa ya nguvu huwekwa juu ya hodhi, ikawaka saa nane hivi kila siku.

Pili ni hewa. Kila mmea hujijenga kwa hewa ya ukaa, nayo ni haba ndani ya maji. Mfugaji huitia kidogo kidogo, mapovu kwa mapovu, kutoka katika chupa ya chuma. Hapa yapasa kuangalia sana. Hewa hiyo ikizidi, samaki huja juu ya maji wakitweta, na pengine hufa. Tena usiku mmea hauli hewa hiyo, bali hupumua kama samaki. Basi taa ikizimwa, chupa nayo hufungwa.

Tatu ni maji na chakula. Mmea huu hutaka maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, kama ya mvua. Maji ya namna hii hutambulikana upesi, kwa maana sabuni hutoa povu jingi ndani yake. Hutaka pia mbolea kidogo.

Mambo haya matatu ni kama mafiga: chungu hakikai juu ya mawili. Mtu akiongeza taa peke yake, mmea hauwezi kuutumia mwanga wote. Mwani huota juu ya majani na kuusonga.

Ukistawi, ncha zake hukatwa, urefu wa kidole, zikapandwa mbalimbali katika mchanga mwembamba. Mizizi hutoka penye pingili, na kisiki kilichobaki huchipua tena. Hivyo shina moja huwa kichaka.

MASWALI
1. Kwa nini mmea mwekundu hugeuka kuwa wa kijani?
2. Kwa nini chupa ya hewa hufungwa usiku?
3. Utayatambuaje maji laini?
4. Eleza jinsi mambo haya matatu yafananavyo na mafiga.