Kidonge cha kuzuia Ukimwi si cha wahuni

Majuzi mama mmoja alifika kwangu macho yamevimba kwa kulia. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amekuta kichupa cha vidonge kimefichwa ndani ya debe la unga. Aliposoma maandishi akakata kauli kwamba mkewe ana virusi vya Ukimwi na amemficha. Ukweli ulikuwa kinyume. Mama huyo alikuwa mzima, na alimeza dawa hiyo ili asiambukizwe.

Dawa ya kujikinga, ambayo wengi huijua kama PrEP, ilianza kutolewa rasmi nchini Kenya mwezi Mei 2017. Hata hivyo, wengi bado huichanganya na dawa za wagonjwa.

Hufanya kazi vipi?

Kidonge kinachojulikana zaidi kina dawa mbili, tenofovia na emtrisitabini. Dawa hizi hutumiwa pia na wanaoishi na virusi, pamoja na dawa nyingine, na ndiyo sababu anayeona kichupa hukosea. Virusi vikiingia mwilini huvamia chembechembe nyeupe za damu na kuzaana humo. Vikikuta dawa imetangulia, hushindwa kuzaana na kutia mizizi.

Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda ulihusisha zaidi ya wenzi 4,700, mmoja akiwa na virusi na mwenzake akiwa hana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kidonge hiki kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini utafiti mwingine wa miaka hiyo, uliofanywa miongoni mwa wanawake wa Bondo, Tanzania na Afrika Kusini, haukuonyesha faida yoyote: 33 waliopewa dawa waliambukizwa, na 35 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Damu ilipopimwa ikagunduliwa kwamba wengi hawakuwa wakimeza vidonge. Wengi wao waliamini hawamo hatarini. Dawa iliyo kabatini haimkingi mtu.

Je, inachochea uzinzi?

Swali hili huulizwa kila mara. Yayo hayo yalisemwa kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, na katika miaka ya 1990 mipira ya kondomu ilichomwa moto hadharani jijini Nairobi. Moto ule haukuzuia maambukizi.

Tusijidanganye. Watu hawakungoja kidonge ndipo wabadili mienendo. Vijana hujuana leo kwa simu na kukutana kesho. Kuna msichana anayelipiwa kodi ya nyumba na mwanamume wa rika la babake, na kuna watu wa ndoa, wake kwa waume, wenye mipango ya kando. Hata aliye mwaminifu anaweza kujiapia yeye mwenyewe, lakini hawezi kumwapia mwenzake.

Kabla ya kuanza

Ukiona unahitaji dawa hii, zingatia yafuatayo:

1. Ni lazima upimwe virusi kwanza. Aliyekwisha kuambukizwa akiitumia peke yake, virusi vinaweza kuwa sugu. Utapimwa tena baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu.

2. Mweleze daktari kama una maradhi ya figo au homa ya ini ya aina ya B.

3. Meza kidonge kimoja kila siku. Kinga haipatikani siku ya kwanza. Meza siku saba mfululizo kabla ya kukitegemea.

4. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa huwapata baadhi ya watu mwanzoni, na kwa kawaida huisha baada ya majuma machache.

5. Dawa hii haizuii kisonono, kaswende wala mimba. Usiitupe kondomu.

6. Si ya maisha yote. Hatari ikiisha unaweza kuacha, ila kwa ushauri wa daktari.

Ikiwa tayari umebakwa au kondomu imepasuka, dawa unayohitaji ni nyingine. Hiyo huanza kumezwa kabla ya saa 72 kupita, kwa siku 28. Usingoje Jumatatu.

Kwa wanaochoshwa na vidonge, sayansi imepiga hatua. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024 kutoka Afrika Kusini na Uganda, wanawake zaidi ya 2,100 walidungwa sindano ya lenakapavia mara moja kila miezi sita, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Uliza katika kituo chako ni kinga gani zinazopatikana.

Na yule mama? Kwa idhini yake nilimwita mumewe. Walipimwa wote wawili, na hakuna aliyekuwa na virusi. Mume akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Mkewe akamjibu, "Ningekuambia, ungeniuliza namwogopa nani."

Mume alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama dawa hiyo hutolewa kwa wanaume pia. Nilimjibu kwamba ndiyo. Siku hizi kichupa hakifichwi tena kwenye unga. Nawe msomaji, zungumza na mwenzako kabla hamjafikia kulia mbele ya daktari.